Mashine ya mawimbi ya ubongo imeshafika kliniki: nani afundishwe, na kwa muda gani?

*"Dokta, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika kliniki binafsi hapa Mwanza. Mkurugenzi wetu amerudi safari na mashine ya kufundisha ubongo kwa kutumia mawimbi yake, ile ya kubandika waya kichwani huku mgonjwa akicheza gemu kwenye skrini. Muuzaji anatupa mafunzo ya siku mbili kwa Zoom pamoja na cheti. Anasema imeidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, na kwamba haihitaji utaalamu kwa sababu programu inafanya kila kitu yenyewe. Tuko wanne: mimi, mwanasaikolojia tiba, mtaalamu wa tiba kazi na afisa ustawi wa jamii. Mkurugenzi anataka sote tuanze mwezi ujao, shilingi 60,000 kwa kikao, kwa watoto wenye ADHD (shida ya umakini na kutotulia), vijana wa soba hausi, na mtoto mmoja wa kifafa ambaye mama yake amechoka na dawa. Bango limeshachapwa: 'Tiba ya ubongo bila dawa'. Mimi roho inasita. Siku mbili zinatosha? Nani kati yetu afundishwe? Na nimwambieje bosi bila kuonekana napinga maendeleo?"*

Nzuri, mwenzangu, na pole na majukumu. Mawili ya haraka kwanza: siku mbili hazitoshi, na huyo mtoto wa kifafa asibandikwe waya za mashine hiyo mwezi ujao. Yaliyobaki yanataka maelezo, nami nitayatoa kwa kirefu, maana maswali ya aina hii yameanza kuwa mengi na karibu yote yanahusu mashine, ilhali penye kazi ni kwa watu watakaoishika.

Kwanza tumwondolee muuzaji na mgonjwa dhana moja. Mashine hii haipeleki umeme kichwani. Wagonjwa wengi, na hata watumishi, wakiona waya wanakumbuka habari za watu kupigwa shoti hospitali. Hapa elektrodi zinasikiliza tu. Seli za gamba la ubongo, zinapochangamka na kutulia kwa pamoja maelfu kwa maelfu, hutoa umeme mdogo unaofika hadi kwenye ngozi ya kichwa. Daktari Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliurekodi kwa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1929. Kipimo cha EEG, yaani mchoro wa umeme wa ubongo, unachokijua hospitalini kilianzia hapo. Umeme huo ni wa mikrovolti, kwa kawaida kati ya 10 na 100. Betri moja ya tochi ina mikrovolti milioni moja na nusu. Shika udogo huo akilini, kwa sababu karibu kila kosa la mwanagenzi katika kazi hii linatokana nao.

Mawimbi yenyewe hupangwa kwa kasi. Delta, chini ya mizunguko 4 kwa sekunde, ni ya usingizi mzito. Theta, 4 hadi 8, huja usingizi unaponyemelea, na watoto wadogo wanayo kwa wingi hata wakiwa macho. Alfa, 8 hadi 12, huinuka mtu akifumba macho na kutulia. Beta huanzia 13 kwenda juu, akili ikiwa kazini. Halafu kuna mdundo wa 12 hadi 15 juu ya eneo la ubongo linaloongoza viungo, ambao hujitokeza mwili ukitulia tuli na akili ikiwa macho. Huo ndio ulioanzisha tiba hii. Katika miaka ya 1960 Barry Sterman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwafundisha paka kuuongeza mdundo huo kwa kuwapa maziwa na supu kila ulipotokea. Baadaye, katika utafiti wa sumu ya mafuta ya roketi, paka waliofunzwa walichelewa kupata degedege kuliko wenzao. Mwaka 1972 akachapisha, pamoja na mwenzake, habari za mgonjwa wa kwanza wa kifafa kufunzwa kwa njia hiyo, na mwaka 1976 Joel Lubar wa Tennessee akaipeleka kwa watoto wasiotulia.

Kwa hiyo kanuni yake ni ya zamani na haina miujiza: kitendo kinachofuatwa na tuzo hurudiwa. Mgonjwa hajui anafanya nini kichwani mwake. Anaona tu gari la kwenye skrini limesogea. Tuzo ikija upesi, ndani ya robo sekunde hivi, ubongo unaunganisha mambo. Ikichelewa au ikitolewa ovyo, hakuna kinachofundishwa, au kinafundishwa kitu kingine kabisa.

Hicho kitu kingine ndicho kinachonifanya niseme siku mbili ni mzaha.

Chukua mtoto wa miaka tisa. Elektrodi moja iko utosini, mahali panapoitwa Cz, na nyingine mbili zimebanwa kwenye ndewe za masikio. Programu imewekwa impe tuzo beta ikipanda na theta ikishuka. Dakika tano za mwanzo gari haliendi. Kisha linaanza kusogea, halafu linakimbia. Alama zinapanda, mama aliyekaa nyuma anatabasamu, grafu inaonyesha beta imepanda maradufu. Sasa mtazame mtoto kwenye taya. Ameuma meno. Misuli ya taya na ya paji la uso hutoa umeme mkubwa kuliko wa ubongo, na kasi yake inamwagikia moja kwa moja kwenye eneo la beta. Programu haijui kama umeme huo ni wa ubongo au wa msuli. Mtoto amegundua kwamba akikaza taya gari linakimbia, nawe umemlipa kwa ugunduzi huo. Baada ya vikao 40 kwa bei ya mkurugenzi wako, familia itakuwa imetoa shilingi 2,400,000 mtoto afundishwe kuuma meno.

Anayejua kusoma mchoro ghafi, yaani ile mistari inayotembea kabla programu haijaigeuza kuwa gari na rangi, analiona jambo hilo kwa sekunde mbili. Mstari unakuwa mnene, umejaa miiba midogo. Anasimamisha, anamwambia mtoto alegeze taya na kuacha mdomo wazi kidogo, anaanza upya. Kupepesa macho nako kunajulikana: wimbi moja kubwa la polepole mbele ya kichwa, ambalo programu italihesabu kama theta au delta. Asiyejua kusoma mchoro anaandika kwenye faili "maendeleo mazuri". Kuwasha mashine mtajifunza asubuhi moja, hapo muuzaji hajadanganya. Kinachochukua muda ni jicho.

Hata hiyo sifa ya programu kujiendesha ni ya kuogopa zaidi kuliko kushangilia. Programu nyingi hushusha na kupandisha zenyewe kizingiti cha tuzo, yaani kiwango ambacho wimbi lazima lifikie ndipo gari lisogee, ili mgonjwa apate tuzo kwa kiwango kile kile muda wote. Maana yake, mtoto akianza kusinzia, kizingiti kinamfuata huko huko usingizini na gari linaendelea kukimbia. Msimamizi mzuri huweka kizingiti kwa mkono, anajua kwa nini amekiweka hapo, na anakibadilisha kwa sababu anayoweza kuiandika.

Halafu kuna mambo ya mazingira yetu ambayo mwalimu aliyeko ng'ambo hatayagusa. Umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, wa Marekani kwa hezi 60. Programu iliyotoka huko huenda ikaja na kichujio kilichowekwa 60. Msipokibadilisha, mngurumo wa umeme wa ukutani utaingia kwenye kila mchoro mtakaorekodi. Kikao kifanyike kwa laptopu isiyo kwenye chaja, mbali na feni na waya za ekstensheni. Joto nalo lina lake: jasho la kichwani huufanya mstari uyumbe polepole, na kuyumba huko programu inakuita delta.

Na nywele. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wanaofanya kazi na nywele nyembamba zinazolala. Elektrodi inahitaji kugusa ngozi iliyosafishwa, ukinzani uwe chini ya kiloomu 5, na hilo haliwezekani juu ya wiving wala katikati ya rasta zilizobana, wala kwenye kichwa kilichopakwa mafuta asubuhi hiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walionyesha kwamba nywele zikisukwa mistari inayofuata sehemu za kupimia, na elektrodi zikaundwa kukaa kati ya mistari, upimaji wa nywele ngumu unakuwa bora zaidi. Kwa Kiswahili chetu, twende kilioni ya kawaida, njia zikiwa zimepita katikati ya utosi, inatatua nusu ya shida. Mwambieni mteja kabla ya siku ya miadi: aoshe nywele, asipake mafuta, na kama anataka kusuka, asuke hivi na hivi. Dada aliyetoka kulipia rasta juzi halafu akaambiwa mlangoni azifumue, hamtamwona tena, na ana haki. Hili nimelitolea aya nzima kwa makusudi. Kozi ya kigeni italipa sentensi moja, kama italikumbuka.

Sasa hiyo FDA. Vifaa vya namna hii FDA imeviweka katika daraja la pili, na vingi vinaingia sokoni kwa maelezo kwamba ni vya mafunzo ya kutuliza mwili. Hiyo si idhini ya kutibu ADHD, wala uraibu, wala kifafa. Mwaka 2013 FDA iliruhusu mfumo mmoja unaopima uwiano wa theta na beta usaidie katika utambuzi wa ADHD. Ni kusaidia kutambua, pamoja na uchunguzi wa daktari. Habari ya kutibu haimo. Na mwaka 2016 chama cha madaktari wa mfumo wa fahamu cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba uwiano huo usichukue nafasi ya uchunguzi wa kawaida. Isitoshe, mwenye mamlaka juu ya vifaa tiba hapa Tanzania ni TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. Mwombeni muuzaji uthibitisho wa usajili wa TMDA kwa maandishi, muone atajibu nini.

Je, tiba yenyewe inafanya kazi? Hapa lazima niwe mkweli hata kama nitawaudhi wenzangu wanaoitegemea kwa mkate. Kwa ADHD, tafiti ambazo mzazi anajua mtoto wake yuko kwenye mashine huonyesha nafuu nzuri. Tafiti ambazo anayepima tabia ya mtoto hajui nani yuko kwenye mashine ya kweli huonyesha nafuu hiyo ikiyeyuka. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016 ulikuta hivyo. Utafiti uliofanywa kwa uangalifu sana ulichapishwa Marekani mwaka 2021: watoto 144 wa miaka 7 hadi 10, hadi vikao 38. Kundi moja lilipata tuzo kwa mawimbi yake lenyewe, jingine kwa rekodi za watoto wengine zilizochanganywa na kupepesa kwake ili hata mwendeshaji asijue. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa. Hayakutofautiana, wala mwishoni wala miezi 13 baadaye.

Soma tena sentensi hiyo ya nafuu. Watoto walipona kiasi, ila si kwa sababu ya mawimbi. Walikaa mara 38 na mtu mzima mmoja aliyewatazama kwa makini, wakajizoeza kutulia, wakapongezwa, ratiba ya nyumbani ikanyooka kwa ajili ya vikao. Ndiyo maana mwendeshaji wa mashine atakuapia kwamba ameona kwa macho yake inaponya, na hasemi uongo. Kwa watu wazima wenye shida ya usingizi, utafiti wa Salzburg, Austria, wa mwaka 2017 ulikuta hali hiyo hiyo: mashine ya kweli haikuishinda ile ya bandia. Kwa walioumizwa na kiwewe kuna dalili za kutia moyo; mwaka 2016 kundi la watu 52 lilionyesha nafuu baada ya vikao 24, lakini walilinganishwa na watu waliokuwa wakisubiri zamu, si na mashine bandia. Kwa usonji sioni cha kumwahidi mzazi.

Kwa hiyo anayefundishwa kutumia kifaa hiki lazima pia afundishwe kuongea. Sentensi anayoweza kumwambia mzazi bila kumdanganya ni kama hii: "Tuna mafunzo ya kumsaidia mtoto kutulia. Wapo wanaopata nafuu, lakini tafiti bora hazijaonyesha kwamba nafuu inatokana na mashine yenyewe. Haichukui nafasi ya dawa aliyoandikiwa, wala ya mafunzo ya wazazi, wala ya kukaa na mwalimu wake." Asiyeweza kuitamka sentensi hiyo mbele ya mtu mwenye pesa mkononi hajamaliza mafunzo, hata kama anasoma mchoro kama gazeti.

Sasa nani afundishwe. Wenye kazi hii wana kanuni moja ninayoikubali mia kwa mia: usitibu kwa mashine ugonjwa usioweza kuutibu bila mashine. Leseni yako na uzoefu wako ndivyo vinavyoamua unamgusa nani, mashine haiongezi kitu hapo. Ukiipima timu yenu kwa kanuni hiyo, ningeanza na wawili: mwanasaikolojia tiba na wewe. Yeye anajua kutathmini na kupanga tiba. Wewe unajua dawa, na katika kazi hii dawa ni nusu ya mchoro. Mgonjwa anayekunywa diazepam, ile dawa ya kutuliza, atakuwa na beta nyingi ambayo si wasiwasi wala umakini, ni diazepam. Mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi basi la shule atakuwa na theta tele saa tisa alasiri, na huo ni usingizi. Muuguzi huuliza maswali hayo bila kukumbushwa. Mtaalamu wa tiba kazi anaweza kuingia baadaye, mkishakuwa na wa kumsimamia. Afisa ustawi wa jamii sioni haja ya kumpa elektrodi. Mwacheni afanye kile ambacho ninyi watatu hamtakifanya vizuri kama yeye, yaani kazi ya nyumbani na shuleni kwa mtoto.

Kuhusu muda, nitakupa kipimo cha kimataifa ili bosi asidhani nimetoa kichwani. Shirika la BCIA la Marekani, linalotoa vyeti tangu mwaka 1981, linadai yafuatayo kwa cheti cha mafunzo ya mawimbi ya ubongo: masomo ya darasani ya saa 36, somo la muundo na utendaji wa mfumo wa fahamu, saa 25 na mlezi wa kitaaluma, vikao 10 ambavyo mwanafunzi mwenyewe ndiye mgonjwa, vikao 100 na wagonjwa chini ya uangalizi, kuwasilisha wagonjwa 10 kwenye majadiliano, na mtihani. Na hata ukiwa na cheti hicho, kutibu ugonjwa bila leseni ya taaluma yako hakuruhusiwi isipokuwa chini ya aliye nayo. Sisemi lazima mpate cheti cha BCIA. Gharama yake kwa dola si ndogo. Ninasema kiwango hicho ndicho mkitumie kama rula, na mtaona siku mbili zinaangukia wapi.

Vikao 100 vinaonekana vingi ila havitishi, wagonjwa watatu wa kila mmoja wenu wakikamilisha mafunzo yao mmefika. Zoom pia si adui. Mlezi anaweza kukaa Nairobi, Cape Town au Ulaya akaona skrini yenu ya mchoro ghafi na, kwa kamera ya pili, uso wa mgonjwa. Ila awe mlezi asiyeuza mashine hiyo. Hilo msilegeze.

Kabla ya mgonjwa yeyote, rekodianeni ninyi kwa ninyi. Macho wazi, macho yamefumbwa (alfa ya kisogoni ikiinuka kwa mara ya kwanza mtapiga kelele), kupepesa, kukaza taya, kumeza mate, kutikisa kichwa, kusinzia baada ya wali wa mchana, elektrodi iliyolegea, feni ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Chapeni vipande hivyo bila majina, vichanganyeni, mpeane mitihani. Siku ambayo kila mmoja anavitambua vyote bila kubahatisha, mko tayari kumsogelea mtu aliyelipa. Vile vikao vya kujifanyia mwenyewe msivipuuze. Anayejua jinsi inavyochosha kukaa nusu saa gari lisisogee, humvumilia mtoto. Pia atajua kwa mwili wake uchovu, kichwa kuuma kidogo au usingizi kubadilika baada ya kikao, mambo ambayo hutokea na ambayo mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema.

Zile ramani za ubongo zenye rangi nyekundu na bluu ni mtego mwingine. Ni nzuri kwa kumtia mteja hofu. Mgonjwa hulinganishwa na kanzidata ya watu "wa kawaida", na kanzidata hizo kwa sehemu kubwa zilijengwa kwa watu wa Marekani na Ulaya. Rangi nyekundu inaweza kuwa ugonjwa. Inaweza pia kuwa usingizi, dawa, umri uliokosewa au taya. Zaidi ya hayo, rekodi hutumwa kwenye seva za nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu: taarifa za afya ni nyeti, na kuzisafirisha nje kuna masharti. Ridhaa ya maandishi, jina liondolewe, na mjue seva iko wapi.

Kwa mkurugenzi nenda na hesabu, usiende na upinzani. Mashine imeshanunuliwa na hutaki ikae stoo, kwa hiyo mpe njia tatu. Ya kwanza ni mafunzo kamili ya watu wawili kwa takriban mwaka mmoja, mashine ikitumika chini ya mlezi, bei ya kikao ikiwa ndogo katika kipindi hicho na mteja akijua kwa nini. Ya pili, ambayo ningeichagua mimi, ni kuanza na mrejesho wa mwili wa kawaida, ule ambao mgonjwa huona kwenye skrini joto la vidole, misuli na upumuaji wake. Mashine nyingi zina milango ya vihisi hivyo. Ulizeni yenu kama inayo. Unajifunzwa kwa muda mfupi, na kwa kipandauso na maumivu ya kichwa ya mkazo ushahidi wake ni wa miaka mingi na una nguvu. Mawimbi yafuate mkishazoea. Ya tatu ni kuirudisha, kama mkataba unaruhusu. Kwa vyovyote vile msiuze vifurushi vya vikao 40 vinavyolipwa kwa mkupuo. Mgonjwa alipe anapokuja, mtathmini kikao cha 10 na cha 20 kwa fomu ambazo mwalimu wa shule anajaza, si mama peke yake, na mkubaliane kabla ya kuanza ni matokeo gani yatawafanya msimame.

Lile bango lisitundikwe. "Bila dawa" ni maneno mawili tu, lakini mzazi wa mtoto wa kifafa atayasoma kuwa ni ruhusa ya kuacha fenobabito, dawa ya kifafa, leo jioni. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, nalo linaua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata dawa sahihi na kuzitumia. Mama huyo aliyechoka mwulizeni amechoshwa na nini: usingizi wa mtoto, bei, kutopatikana kwa dawa, au kipimo ambacho hakijarekebishwa kadiri mtoto alivyokua? Mengi kati ya hayo daktari anaweza kuyatatua kwa karatasi moja. Ni kweli tiba hii ilianzia kwenye kifafa, na kuna tafiti ndogondogo zenye matumaini, ila kwa kawaida zilihusu watu ambao dawa zilishindwa kuwadhibiti na waliendelea kuzimeza wakati wote.

Vijana wa soba hausi nao wana mlango wao. Mwaka 1989 Eugene Peniston na Paul Kulkosky waliripoti matokeo ya kuvutia kwa kikundi kidogo cha walevi wa pombe wa Kimarekani, kwa mafunzo ya alfa na theta. Hadi leo wauzaji wanaishi kwa utafiti huo. Kijana wa heroini hapa kwetu anastahili kwanza kliniki ya methadoni, dawa mbadala ya heroini, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 na sasa ipo mikoa kadhaa. Kumpeleka kwenye theta, mpakani mwa usingizi, mtu aliyejaa kiwewe, macho amefumba, anayemsimamia ni mtu asiyejua kutibu kiwewe, ni kumfungulia mambo ambayo hamtaweza kuyafunga saa kumi na moja jioni kliniki ikifungwa.

Msianze na mgonjwa yeyote mwenye degedege ambalo halijachunguzwa, aliyeumia kichwa karibuni, anayesikia sauti wasizosikia wengine, anayetaka kujiua, au ambaye tabia yake imebadilika ghafla. Hao wapelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Na kabla hata ya mlezi wa mtandaoni, nendeni ninyi wawili ana kwa ana kwa daktari wa mfumo wa fahamu au wa magonjwa ya akili wa hospitali ya rufaa, mkiwa na michoro mliyorekodiana. Mwombeni akae nanyi saa moja awaonyeshe mchoro wa kifafa unavyoonekana, na mkubaliane namba gani mtaipigia siku mtakapouona kwenye skrini yenu.